Gari Linalala kwa Nani

Baba yangu hakuwa na nyumba, na kwetu hilo si aibu. Moroni, kisiwani Ngazidja, nyumba ni ya mwanamke. Baba yake na wajomba zake huanza kumjengea angali mtoto, chumba baada ya chumba, na siku ya ndoa mume huingia humo na sanduku lake la nguo. Ndoa ikivunjika, hutoka na sanduku lile lile. Nilikua nikidhani dunia nzima inaishi hivyo. Nilipokwenda Dar es Salaam kusoma chuo kikuu, wasichana niliokaa nao bwenini walinicheka nilipowaambia kuwa nyumbani kwetu kuna chumba kinachonisubiri mimi, si mume wangu. Mmoja akaniuliza, na yeye mume vitu vyake ataviweka wapi? Sikuwa nimewahi kujiuliza.

Baba aliviweka ndani ya gari.

Lilikuwa Pijo kuukuu, pikapu yenye turubai na mabenchi mawili nyuma. Kwenye kisanduku cha mbele kulikuwa na miwani yake, tasbihi, kitana, kipande cha sabuni kwenye kitambaa, na picha ya mama yake iliyopigwa akiwa amefumba macho. Chini ya kiti kulikuwa na mwavuli na viatu vya Ijumaa. Kanzu yake safi ilining'inia nyuma ya kiti cha dereva, na abiria walijua kutoigusa. Nyumbani kwa mama hakuwahi kupiga hata msumari mmoja ukutani. Alipovua koti alilikunja akaliweka mapajani, kama mtu aliyepita kusalimia. Alikuwa amepita kusalimia tangu kabla sijazaliwa.

Alitoka Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani. Ujanani alimwendeshea gari hilo hilo mfanyabiashara mmoja wa huko, akibeba magunia ya maua ya mlangilangi kutoka mashambani hadi kwenye mitambo ya kukamulia mafuta. Mfanyabiashara alipochoka na kazi, alimuuzia. Baba alilivusha kwa meli hadi Moroni alikokuwa ameoa, akawa anapakia abiria wa kwenda Vouvouni na vijiji vya kusini. Jua likiwa kali, vyuma vya gari vilitoa harufu ya mlangilangi, na kina mama waliopanda na samaki walisema hilo ndilo gari pekee unaloshuka ukinuka vizuri kuliko ulivyopanda. Walimpenda, ila hawakuacha kumtania. Kila alipotamka neno kwa lafudhi ya kwao, benchi la nyuma lilimwigiza. Yeye alicheka nao, kisha akalirudia neno vile vile.

Nilirejea nyumbani miaka miwili baada ya uhuru. Serikali ya mapinduzi ilikuwa imewafukuza makarani, imechoma makaratasi ya zamani ya ofisi, na imewaweka wanafunzi wa sekondari kwenye meza za watu wazima. Ilikuwa imepiga marufuku harusi kubwa, ile ambayo bila kuifanya mwanaume hahesabiwi kuwa mtu mzima hata akiwa na mvi. Nusu yangu ilifurahi. Nusu nyingine ilitaka kujua nani ameamua, na kwa nini waliotangaza mwisho wa amri za wazee wanatangaza kwa sauti ya wazee. Niliuliza maswali hayo mezani hadi mama akaniambia nile kwanza, wali unapoa.

Kwa kuwa makaratasi yalikuwa yamechomwa, kila gari ilibidi liandikishwe na kukatiwa bima upya. Baba alikwenda kabla sijarudi. Aliyempokea ofisi ya bima alikuwa msichana wa sekondari, mpole, mwenye wino vidoleni. Alimuuliza maswali kwa mpangilio wa fomu. Aina ya gari. Rangi. Idadi ya viti. Kisha: gari hili linalala wapi?

Baba akajibu kwamba linalala kwa mke wake, mwisho wa mtaa wa Badjanani, pale vichochoro vinapoishia na gari linapoweza kusimama.

Msichana akauliza jina la mwenye nyumba, baba akalitaja jina la mama. Naye, bila nia mbaya yoyote, akaliandika jina hilo kwenye mstari wa mwenye gari. Kwenye mstari wa dereva akaandika kwamba ni huyo huyo mwenye gari. Baadaye msichana aliponieleza, alinieleza kama mtu anayeeleza kwamba maji hutiririka kwenda chini. Kitanda kilichomo nyumbani ni cha mwenye nyumba. Sufuria ni zake, mbuzi anayelala uani ni wake. Gari nalo lina tofauti gani?

Nimelifikiria kosa hilo mara nyingi. Kijana wa ofisi ya Dar es Salaam asingelifanya, wala wa Paris. Lilihitaji mtu aliyelelewa kwenye nyumba ya mama yake, kwenye kisiwa hiki. Mila ilikuwa imefukuzwa kwa amri, kumbe imekaa mezani inagonga mihuri.

Baba alisoma Kurani vizuri na aliandika barua kwa herufi za Kiarabu, lakini karatasi ile ilikuwa ya Kifaransa. Aliutazama muhuri, akaona umekaa sawa, akaikunja na kuiweka kwenye kisanduku pamoja na picha ya mama yake.

Ajali ilitokea Vouvouni, miezi ya ukavu. Mtoto alikatiza barabara akifukuza gurudumu la baiskeli. Baba akamkwepa, gari likapanda ukingo na kugonga birika la saruji la maji ya mvua, la nyumba ya mjane mmoja. Hakuna aliyeumia, ila shelisheli za abiria mmoja zilimwagika njiani. Birika ndilo lililopasuka.

Asiyeijua Ngazidja ataona ni jambo dogo. Kisiwa chetu hakina mto. Mvua ikinyesha, mawe meusi ya volkano huinywa yote, na maji pekee ya nyumba ni yale iliyoyakinga kutoka kwenye paa na kuyatunza kwenye birika la mawe na saruji hadi mvua nyingine. Maji ya mjane yalitoka kwa kishindo, yakavuka barabara, yakazama. Majirani walikuja mbio na masufuria wakachota kwenye alama za matairi. Baba alivua kofia akachota nayo. Mwanamke yule alikuwa amekaa kizingitini, hakupiga kelele. Alisema tu kwamba alasiri imekaribia na hana maji ya kutawadhia.

Baba akamwahidi kwamba birika litajengwa upya, bima ipo.

Vijana wa kamati ya mapinduzi walilichukua gari wakalifungia kwenye ua wa ofisi ya bima. Nilikwenda na baba kwa yule msichana mwenye wino vidoleni. Aliisoma karatasi, akaisoma tena, akamtazama baba kwa huruma ambayo sikuipenda.

"Baba, hapa wewe hupo," alisema.

Mwenye gari alikuwa mama, na dereva alikuwa mama, ambaye hajawahi kushika usukani. Kwa karatasi ile, baba alikuwa mtu asiyejulikana aliyechukua gari la mwanamke na kubomoa birika nalo. Bima isingemlipia mtu asiyejulikana. Na bima isipolipa, gari lingeuzwa ili mjane apate birika lake. Msichana alilisema hilo polepole, na nikaona baba akigeuka kutazama dirishani, kule uani, kanzu yake ilikokuwa bado inaning'inia nyuma ya kiti.

Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa ya kisomi. Nilimwambia msichana kwamba kosa ni la ofisi, kwamba ukweli unaweza kuthibitishwa. Alijibu kwamba rekodi za zamani zimechomwa. Nikasema aliyeuza gari bado yuko hai, yuko kisiwa cha pili. Akasema basi mkamlete, au mlete maneno yake.

Nyumbani tulimkuta mjomba, kaka mkubwa wa mama. Kwetu mjomba ndiye anayeongea kwa niaba ya nyumba, na huyu aliongea hata pale nyumba ilipokuwa haina la kusema. Alikuwa na uchungu wake: alikuwa amejiandaa miaka na miaka kufanya harusi yake kubwa, na mapinduzi yakaipiga marufuku alipokaribia kuifanya. Alipopata habari zetu alicheka hadi akakohoa.

"Mapinduzi yamenipokonya cheo, yakanipa gari," alisema. "Shemeji, kuanzia leo wewe ni abiria. Kaa nyuma na kina mama wa samaki."

Baba alicheka kidogo, kwa adabu. Mjomba akaendelea, sasa bila mzaha, kwamba karatasi ni karatasi, na kwamba mama hana sababu ya kwenda kuikana mali ambayo serikali yenyewe imempa. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa. Nilingoja aseme gari si lake. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele, moja moja, na mimi nikamhukumu kimoyomoyo.

Tukaenda Mutsamudu, baba na mimi. Aliyeuza gari alikuwa amehamia Ouani, karibu na uwanja wa ndege, na tulipanda teksi ya mtu mwingine kumfuata. Sijawahi kumwona baba akiwa abiria kabla ya siku hiyo. Kila kona mguu wake ulikanyaga breki isiyokuwepo. Dereva alimwona kwenye kioo, akamuuliza kama yeye pia ni dereva. Baba akamjibu kwamba zamani.

Mfanyabiashara alitupokea vizuri. Aliandika kwamba gari alimuuzia baba, si mwingine, akatia sahihi mbele ya mashahidi, akaniagiza nimwambie karani wa Moroni kuwa yeye bado anapumua. Nilikunja karatasi ile kama mtu aliyeshinda kesi.

Tulilala Mutsamudu, nyumbani kwa koko, ndivyo tunavyomwita bibi. Nyumba ilikuwa juu ya kichochoro chembamba ambamo watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Siku hizi ilikuwa ya shangazi, kwa maana huko pia nyumba humfuata binti. Koko alikuwa haoni vizuri. Alimpapasa baba usoni, akamuuliza habari za gari kama anavyouliza mtu habari za mkwe.

"Lipo, mama," baba alisema. "Limepumzika."

Shangazi alimtandikia mkeka sebuleni. Alileta chai, na nikaona kwamba sisi wengine wote, mimi nikiwamo, tulipewa vikombe vya kila siku, vya bati. Baba alipewa kikombe cha kauri chenye maua na kisahani chake. Kilikuwa kikombe cha wageni. Shangazi alikuwa anamheshimu kaka yake. Baba alikizungusha mkononi muda mrefu kabla ya kunywa.

Asubuhi tulipokuwa tunashuka kwenda bandarini nilimuuliza kama amewahi kutamani kurudi kwao.

"Wapi?" aliniuliza. Kisha, kwa kuwa niliendelea kumtazama, akasema, "Mwanangu, nikiwa huku mimi ni mume wa Moroni. Nikiwa Moroni mimi ni mtu wa Nzwani. Nikiwasha gari tu ndipo hakuna anayeniuliza."

Nilikuwa na maswali mengi maishani, na hilo ndilo jibu la kwanza ambalo sikutaka kulipinga.

Tuliporudi Moroni, mama alitakiwa afike mwenyewe ofisini, kwa kuwa jina lililoandikwa ni lake. Alijitanda shiromani, shuka lake zuri la kutokea, akatembea mbele yetu, nasi tukamfuata. Mjomba alitaka kuja, mama akamwambia asubiri chakula. Niliweka mezani karatasi ya mfanyabiashara. Msichana aliisoma kwa makini, akasema ni ya kweli, inaonekana ni ya kweli. Kisha akakunja uso, na nikatambua kwamba alikuwa amekaa akilifikiria jambo letu siku zote tulizokuwa safarini.

Alitueleza hivi. Akiikubali karatasi ya Ouani, basi bima aliyoiandika ni ya mwanamke asiye na gari, haina maana tangu siku ya kwanza. Ataandika nyingine, sahihi, yenye jina la baba, lakini itaanza leo, na birika lilipasuka kabla ya leo. Kwa hiyo ukweli ukiandikwa, mjane hapati kitu na gari linauzwa. Lakini fomu ile ilikuwa na mstari mwingine, wa dereva wa kuajiriwa, na yeye kwa haraka hakuujaza. Huo aliruhusiwa kuujaza, kwa sababu kuuacha wazi ni kosa la ofisi. Mama akisema gari ni lake, na kwamba baba ni dereva aliyemwajiri, bima italipa na gari litatoka.

Nilifungua mdomo kusema kwamba huo ni uongo. Nilitazama ile karatasi yangu ya kweli, iliyosafiri baharini kwenda na kurudi, na sikujua tena ina kazi gani. Baba akanitangulia.

"Andika," alimwambia msichana. "Mimi ni dereva wake."

Alisema kwa lafudhi ya Mutsamudu, na hakuna aliyemwigiza. Nilijua anachokitoa. Alikuwa anakitoa kitu kimoja ambacho hapa duniani kilikuwa chake, mbele ya mtoto wa shule, ili mwanamke wa Vouvouni apate maji ya udhu. Mama alimtazama kwa muda. Alikuwa na namna ya kumtazama ambayo sisi watoto tulikuwa hatujawahi kuiona, au pengine tulikuwa hatujawahi kuiangalia.

Msichana aliandika. Kisha akauliza, kwa sababu fomu iliuliza, dereva huyu analipwa nini.

Baba akatabasamu. "Andika chakula."

"Na mahali pa kulala," mama alisema.

Msichana akaandika chakula na mahali pa kulala. Akauliza mkataba wa ajira unakwisha lini. Baba alikuwa anaangalia viatu vyake. Mama alijisogeza karibu na meza, akaweka kidole juu ya mstari, ingawa Kifaransa hakukisoma.

"Hapa uandike kwamba nyumba yangu ni mahali pake pa kulala maisha yake yote," alisema. "Na hata tukigombana."

Msichana alisita. Alikuwa anajua, kama tulivyojua sote chumbani mle, kwamba hakuna mwanamke wa Moroni anayesema hivyo, na kwamba wajomba wangesikia wangetafuta mahali pa kuficha nyuso zao. Nilimwona akitafuta kwenye fomu sehemu inayomkataza. Haikuwepo. Akachovya kalamu, akaandika maneno yote, pamoja na yale ya kugombana, akapiga muhuri.

Najua karatasi ile haikuwa na nguvu yoyote. Nimesoma, na nimewauliza waliosoma sheria. Mkataba wa bima ya gari haumpi mtu nyumba, na kamati ile ya vijana haikudumu kuliko wino wake. Serikali ilipinduliwa, makarani wa zamani wakarudi kwenye viti vyao, harusi kubwa zikarudi, na mjomba akafanya yake akavaa joho lake. Bima ya mwaka uliofuata iliandikwa kwa jina la baba, kwa usahihi kabisa. Lakini hata leo ile ya zamani imo kwenye kisanduku cha mbele, nyuma ya picha ya koko, nami nikiingia ndani ya gari huwa siulizi ni ya nini.

Birika la Vouvouni lilijengwa upya kabla ya mvua. Mvua za kwanza ziliponyesha, mjane alimsimamisha baba barabarani akampa maji kwenye kata, baba akanywa akiwa amekaa kwenye usukani, na abiria wote nyuma wakamsubiri.

Ila ninachokumbuka zaidi ni asubuhi iliyofuata siku ile ya ofisini. Niliamshwa na mlio wa nyundo. Baba alikuwa amesimama chumbani kwa mama, miguu peku, misumari midomoni, kanzu yake safi ikiwa begani. Alikuwa amepima mahali na kuweka alama kwa kipande cha mkaa, akigonga kwa woga, vipigo vidogo vidogo, kama anayebisha hodi.

Mama alikuwa bado kitandani, amegeukia upande wa pili.

"Gonga vizuri, bwana," alisema. "Hivyo hautashika."